Mwanga mwekundu hemani

Kwa wauguzi na matabibu mnaolala hema moja kambini: ukitoka zamu na bado unataka kusoma kidogo, washa tochi ya kichwani kwa mwanga mwekundu, ule hafifu kabisa. Seli za jicho zinazoona gizani haziushtukii sana, kwa hiyo mwenzako hasumbuki, nawe ukitoka kwenda msalani husubiri macho yazoee giza. Ila maandishi ya wino mwekundu hupotea (mimi nilidhani ukurasa ni mtupu). Ukiitwa ghafla kwa majeruhi, badili uwe mweupe kabla hujamgusa: kwenye mwanga mwekundu damu haionekani vizuri, hasa juu ya nguo. Na ikitoka amri ya kuzima taa, zima hata huo.