Jinsi ya Kumfuatilia Mbunge wa Marekani wa Mwishoni mwa Karne ya 19

Kabla ya kutafuta jina lolote, tambua kwanza namba ya Bunge (kila Bunge la miaka miwili lina namba yake), kwani kumbukumbu nyingi hupangwa kwa namba hiyo. Chukua mwaka wa witiri ambao muhula ulianza, toa 1789, gawa kwa 2, kisha ongeza 1. Kwa mfano, 1897 unakupa 108, nusu yake ni 54, na ukiongeza 1 unapata Bunge la 55, ndilo aliloingia George H. White wa North Carolina, ambaye hadi alipoondoka mwaka 1901 alikuwa mbunge pekee mweusi.

Tarehe ndizo huwapotosha wengi. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kwa kawaida alichaguliwa Novemba, muhula wake ukaanza Machi 4 ya mwaka uliofuata, na kikao cha kawaida hakikufunguliwa hadi Desemba, isipokuwa Rais alipoita kikao maalumu. Ukiona aliyechaguliwa 1888 hasikiki barazani hadi Desemba 1889, usidhani umekosea mtu.

Kwa maseneta, usihangaike na kura za wananchi. Waliochaguliwa wakati huo walichaguliwa na mabunge ya majimbo, utaratibu uliodumu hadi 1913, hivyo kumbukumbu za majimbo ndizo zenye habari.

Hotuba zimo katika Congressional Record, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, iliyoanza mwaka 1873. Isome kwa tahadhari, maana wabunge waliruhusiwa kurekebisha maneno yao, na hata kuchapisha hotuba ambazo hawakuzitoa ukumbini.