Usifungue Hedi Kabla Injini Haijakiri

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa upande wa Maseno, aliniletea pikipiki yake ya Honda CG 125 ya miaka ya themanini hapa Kibuye, Kisumu. Mapezi ya silinda yalikuwa yamelowa oili, na vumbi limegandia juu yake kama tope la kinu. "Kijana wangu, gasketi ya hedi imekwenda," akasema, yaani kile kiziba kinachobanwa kati ya silinda na hedi, kifuniko chake cha juu. Tena gasketi mpya alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, "Jaduong', hiyo irudishe mfukoni kwanza."

Nina sababu ya kuwa mgumu. Nilipokuwa bado najifunza, nilifungua hedi ya mtu kwa sababu ya oili kama hiyo hiyo. Stadi moja, boliti ya kushikia hedi, ikatoka na nyuzi zake zote za alumini, na gasketi niliyoitafuta ilikuwa nzima. Kazi ya saa moja ikawa ya siku tatu, na malipo sikuona.

Anza kwa kuosha. Injini ikiwa baridi, chukua mafuta ya taa na brashi, safisha kuanzia mfuniko wa tapeti, vile vidude vya juu vinavyobonyeza valvu, mpaka chini ya silinda, kisha kausha kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto kote kwenye maungio, halafu endesha. Mimi hupanda kilima cha Riat, barabara ya Kakamega, kwa sababu mlimani injini hukamuliwa na haina pa kuficha. Ukisimama, angalia poda imelowa wapi kwanza. Oili hushuka, na ukienda kasi upepo huirudisha nyuma, kwa hiyo usihukumu palipolowa zaidi. Tafuta palipo juu kabisa na mbele kabisa. Ya Mwalimu ilianzia kwenye mfuniko wa tapeti, juu ya hedi. Gasketi yake mpya akaenda nayo nyumbani.

Lakini poda huonyesha oili tu, na gasketi ya hedi inaweza kuvuja bila tone la oili kuonekana nje. CG haina cheni ya kuzungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huko juu. Ina vijiti viwili vya kusukuma valvu, vinavyopita kwenye mfereji ulio ndani ya silinda, na gasketi ya hedi ndiyo inayotenga mfereji huo na chumba cha moto. Ikiungua upande wa nje, utasikia "tsi tsi tsi" na kuona masizi meusi kati ya mapezi. Ikiungua upande wa mfereji, moto huingia ndani ya injini, mpira wa kupumulia, ule unaotoa hewa ya ndani ya injini, unaanza kutoa moshi, na kila fundi atakuapia kwamba ni ringi za pistoni.

Upande wa nje unapimwa kwa povu. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, paka kwenye ungio la hedi na silinda injini ikiwa baridi, plagi ikiwa imefungwa na swichi imezimwa. Bonyeza kiki polepole kwa mkono. Mapovu yakitokea kila pistoni inapobana, umeshapata jibu. Hata mwenye Yamaha AG100, isiyo na tapeti, anaweza kufanya hivi.

Upande wa mfereji unahitaji hewa. Tafuta plagi kuukuu, vunja kauri yake, umpe mchomeleaji akushikizie valvu ya tyubu. Weka pistoni juu kabisa kwenye mkandamizo, pale ambapo tapeti zote mbili zinacheza. Tia gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, na miguu yenu ikae mbali na kiki: hewa ikiisukuma pistoni, kiki inaweza kuvunja mguu. Ingiza hewa taratibu, PSI 40 inatosha, kwa kompresa ya jirani anayeziba pancha. Sasa sikiliza. Hewa ikitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingiza haikai vizuri. Ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa moshi. Ikitokea kwenye mpira wa kupumulia, ni ringi au gasketi, na hapo ndipo wengi hukosea. Toa hewa yote, fungua plagi, mwaga kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, zungusha injini mara chache, kisha rudisha pistoni juu na upime tena. Ringi zilizolika zitazibwa na oili na mlio utapungua. Usipopungua hata kidogo, kwa kawaida ni gasketi, au hedi imepinda.

Kabla ya kufungua, jaribu nati za hedi injini ikiwa imepoa, kwa mshazari, kidogo kidogo. Nimeshakuta mbili zimelegea na tatizo likaishia hapo. Ukilazimika kufungua, weka hedi juu ya kioo bapa na uingize fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Ya milimita 0.05 ikipita, isugue kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo hicho hicho. Usitie silikoni. Injini nyingi za boda za Kichina zilinakiliwa kutoka CG, hivyo utaambiwa gasketi ni ile ile. Ilaze juu ya ile ya zamani, uhakikishe tundu la vijiti na mzingo wa silinda vimelingana, ndipo ulipe.