Kabla Kivinjari Hakijaizima Kozi Yenu

Tarehe 12 Januari 2021 Adobe iliizima kabisa Flash, programu-jalizi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) iliyokuwa ikiendesha michoro, video na kozi za mtandaoni. Haikuwa ghafla, maana tangazo lilitoka Julai 2017. Hata hivyo SARS, mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, iliikuta siku hiyo ikiwa bado na fomu zisizofunguka bila Flash, ikabidi itoe kivinjari chake yenyewe, cha Windows tu, ili walipa kodi waendelee kuzijaza. Wengi walicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kazini kwetu moduli ya usalama wa moto ilikuwa imegeuka kisanduku cha kijivu katikati ya ukurasa.

Kwa hiyo kama nanyi mna kozi za mtandaoni za miaka ile, jambo la kwanza ni kujua mna nini, na hilo halijulikani kwa kusoma majina ya kozi. Pakua kifurushi cha kozi, ile faili ya zip iliyopandishwa kwenye Moodle au mfumo wowote wa kufundishia mtandaoni mnaoutumia, uifungue na kuangalia viishio vya majina ya faili. Ukiona .swf au .flv, hiyo ni Flash. Ukiona .dcr ni Shockwave, programu-jalizi nyingine iliyositishwa Aprili 2019, na .xap ni Silverlight, nyingine tena, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2021. Usikate tamaa haraka, lakini. Programu nyingi za kutengenezea kozi miaka ile zilikuwa zikitoa matoleo mawili kwa mpigo, moja la Flash na jingine la HTML5, linalofunguka kwenye kivinjari bila programu-jalizi. Kwenye vifurushi vya Storyline vya zamani, kwa mfano, unaweza kukuta index_lms.html na pembeni yake index_lms_html5.html. Ukiikuta hiyo ya pili, huenda tiba yako ni kubadilisha ukurasa wa kuanzia tu, kazi ya dakika kumi.

Isipokuwepo, anza kutafuta faili za asili, na hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Faili ya .swf ni chapati iliyokwisha kuiva. Kuirudisha kuwa unga kama ulivyokuwa si rahisi. Unga ni .fla, au .story kwa aliyetumia Storyline, au .cptx kwa Captivate. Taasisi nyingi zililipa mtaalamu wa nje, zikapokea chapati, zikatia saini, basi. Angalieni mkataba kama unawapa haki ya kudai faili hizo, kisha mpigieni aliyezitengeneza angali anapatikana. Za kwetu hatukuzikuta kwenye seva wala kwenye barua pepe. Zilikuwa kwenye droo ya mzee mmoja aliyekuwa amebakiza wiki mbili astaafu, ndani ya kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu ya wino "MOTO – USIFUTE". Flash ikaokolewa na flashi.

Mkizikosa kabisa, kuna Ruffle, programu ya bure inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha leo. Inafanya vizuri zaidi kwa kozi za kale kuliko zile zilizoandikwa kwa ActionScript 3, toleo la baadaye la lugha ya programu ya Flash, kwa hiyo jaribuni kila moja kivyake. Video za .flv hazina shida. FFmpeg, programu nyingine ya bure, inazigeuza kuwa mp4. Na kabla ya kutumia senti kuokoa kozi, jiulizeni kama inastahili. Nyingi zilikuwa slaidi zenye kitufe cha "endelea" na sauti ya mtu aliyechoka. iPhone haikuwahi kuzifungua tangu mwanzo, na wanafunzi wetu wengi leo wanasoma kwa simu. PDF fupi na maswali matano ya Moodle yangewafaa zaidi, tena bila kuwamalizia bando.

Kuna kosa nililolifanya ambalo sipendi mwingine alirudie. Nilijaribu kozi mpya, picha zikatokea, sauti ikasikika, nikatangaza imepona. Baada ya siku mbili simu zikaanza: "Nimemaliza, mbona inasema sijamaliza?" SCORM, ule utaratibu wa kupeleka alama kwenye mfumo, hautegemei programu-jalizi yoyote, unatumia JavaScript. Ila vifurushi vingi vilitengenezwa vipeleke matokeo sekunde ya mwisho, dirisha linapofungwa, na Chrome ya siku hizi haikubali ukurasa unaokufa uishike hadi ombi lake lijibiwe. Mtu anajibu maswali yote, anabofya alama ya X, na alama zake zinapotelea hewani. Rekebisheni kozi ihifadhi baada ya kila swali, na mkijaribu, nendeni mpaka kwenye ripoti ya mwalimu mkaone imeandikwa nini.

Msibadilishe kifurushi wakati watu wako katikati. Alama ya mahali mtu alipoishia imehifadhiwa kwa mpangilio wa kozi ya zamani, na mpya inaweza isiuelewe. Subirini kundi limalize, pakueni matokeo yao, ndipo mbadilishe.

Kuhusu kompyuta zenyewe, msiamini orodha ya makao makuu. Tembeleeni tawi la mbali au ombeni mtu awapigie picha ya skrini. Penye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Kozi inayodai Internet Explorer inaweza kuishi ndani ya Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, kwa ile hali yake maalumu ya kuiga Internet Explorer (IE mode), ambayo Microsoft imeahidi kuihudumia walau hadi 2029, basi wekeni tarehe hiyo kwenye bajeti na si kwenye maombi. Kufungia kivinjari cha zamani kisijisasishe sikushauri: mnaacha mlango wazi kwa wezi, na hata hivyo matoleo ya mwisho ya Flash yalikuja na tarehe ya kujizima ndani yake.

Mimi sasa nina laptopu moja yenye Chrome Beta, ambayo hupata mabadiliko takribani mwezi mmoja kabla ya watu wengine. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafungua kozi tatu, najibu maswali, nafunga kwa X bila kuaga, kisha naingia kwenye ripoti kuangalia kama alama zimefika.