Kupima mawimbi ya antena za simu zilizofungwa ndani ya jengo

Mtu anayekaa kutwa chini ya antena ya dari anastahili kupewa namba, si kuambiwa tu asiwe na wasiwasi. Mimi hupima hivi.

Hatua ya 1. Simu zote chumbani ziwekwe hali ya ndege, ukianza na yako. Simu ya mfukoni iko karibu na kipimo kuliko antena yenyewe.

Hatua ya 2. Tafuta penye mawimbi makali. Tembea polepole na kipimo cha masafa mapana (kinachosoma mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja), mkono ukiwa mbali na mwili. Mawimbi hugonga kuta na kurudi, kwa hiyo kwenye MHz 1800 usomaji unaweza kupanda na kushuka ndani ya sentimita 8 tu.

Hatua ya 3. Hapo simamisha stendi isiyo ya chuma, upime kwenye urefu wa mita 1.1, 1.5 na 1.7.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama. Kipimo cha masafa mapana ni cha kutafutia, si cha kutolea uamuzi: huchanganya Wi-Fi na mitandao yote, tena hukupa hali ya dakika ile tu. Antena ya 4G hurusha zaidi watumiaji wakiongezeka, hivyo ukipima ofisi ikiwa tupu utapata namba ndogo isiyomsaidia mtu. Tumia kichanganuzi cha spektra (kifaa kinachosoma kila masafa peke yake) chenye antena ya mihimili mitatu, inayopokea kutoka pande zote, usome ishara rejea za 4G, yaani zile ambazo antena hurusha muda wote ili simu ziutambue mtandao, kwani nguvu yake haifuati idadi ya watumiaji. Chaneli ya MHz 20 ina mawimbi bebaji 1200, yaani mawimbi madogo yanayobeba data kwa pamoja. Zidisha usomaji wa wimbi moja kwa kipeuo cha pili cha 1200, yaani karibu 34.6. Ukisoma 0.02 V/m (volti kwa mita, kizio cha ukali wa mawimbi), kilele, yaani antena ikirusha kwa nguvu zote, ni kama 0.69 V/m. Chaneli ya MHz 10 ina 600, kwa hiyo zidisha kwa 24.5. Antena yenye milango miwili ya kurushia isomwe kila mlango peke yake, kisha ujumlishe vipeo vya pili (kila usomaji ukizidishwa kwa wenyewe) na utafute kipeuo cha pili cha jumla, kamwe si volti zenyewe. Wastani wa ule urefu wa aina tatu nao utafute kwa vipeo vya pili. Muulize pia mwenye mtandao kama ishara rejea zimeongezwa nguvu. Zikiwa zimeongezwa, hesabu hii itazidisha kilele. Kwa 5G usiitumie hivi hivi.

Hatua ya 5. Linganisha na viwango vya 2020 kwa umma vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii: takriban 41 V/m kwenye MHz 900, na 58 kwenye MHz 1800. Sheria ya nchi ikiwa kali zaidi, fuata hiyo. Usomaji wa kila masafa ugawanye kwa kiwango chake, tafuta kipeo cha pili, jumlisha yote: jibu lisizidi 1. Kwenye ripoti andika umbali kutoka kwenye antena na saa uliyopima, ili mwingine aweze kurudia palepale.