Mwandishi akitoweshwa vitani: kuandaa kampeni kutoka Mbeya au Iringa

Mwongozo huu ni kwa wanachama wa klabu za waandishi wa habari Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ambao mwenzao amekwenda kuripoti vita na sasa hapatikani. Kwetu vita vilivyo karibu ni vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na vya mashariki mwa Kongo. Mifano nimeitoa Cabo Delgado. Kuandika tamko na kuitisha mkutano na vyombo vya habari mnakujua, sitakurudia. Kinachoangusha kampeni nyingi ni jalada la kesi lenye makosa, kwa hiyo hatua ya pili imekuwa ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Ameshikiliwa au ametoweshwa?

Mwandishi Amade Abubacar alikamatwa Macomia, Cabo Delgado, Januari 5, 2019 akihoji watu waliokimbia mashambulizi. Jeshi lilimweka kambini bila mawasiliano, kisha akajulikana alipo, akaachiwa kwa dhamana Aprili mwaka huohuo. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alituma meseji kwa mwenzake jioni ya Aprili 7, 2020 kwamba amezingirwa na askari. Tangu hapo hajulikani alipo.

Kesi hizi mbili hazidaiwi kwa namna moja. Kutoweshwa kwa nguvu kuna mambo matatu: mtu amenyimwa uhuru wake, waliofanya hivyo ni watu wa dola au wametenda kwa ridhaa ya dola, na wahusika wanakana au wanaficha alipo. Wakikubali kuwa wanaye, dai wakili, dai familia imwone, dai aachiwe au afikishwe mahakamani. Wakikana, dai ni moja tu: yuko wapi? Bango linalosema "mwachieni huru" wakati serikali inasema haimjui linawapa njia rahisi ya kujibu kwamba hawana wa kumwachia.

Hatua ya 2: Jalada

Anza na kaunta buku na mtu mmoja wa kuandika. Kundi la WhatsApp si jalada. Meseji zinafutika, kila mtu ana toleo lake, na siku simu ya mmoja ikikamatwa majina ya mashahidi wote yamekwenda nayo. Kwa mawasiliano na mashahidi tumieni Signal, muwashe meseji za kujifuta, lakini kwanza yaliyosemwa yaandikwe kwenye daftari. Picha na skrinshoti zitumwe kama dokumenti. Ukizituma WhatsApp kama picha, hubanwa na taarifa za saa na mahali zilizomo ndani hupotea.

Ukurasa wa kwanza ni idhini ya familia, imeandikwa na kusainiwa. Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Kutoweshwa kwa Nguvu, kilichoanzishwa 1980, hupokea kesi kutoka kwa ndugu au kutoka kwa taasisi inayotenda kwa idhini yao. Klabu ikijitokeza bila mke, mama au kaka wa aliyetoweka, faili litarudishwa. Na hata lisingerudishwa, uchungu huu ni wa familia kwanza, ni haki yao kuamua.

Baada ya hapo yanatakiwa mambo ambayo yakikosekana kesi haifunguliwi: jina kamili, siku, mwezi na mwaka alipotoweka, mahali alipokamatwa au alipoonekana mara ya mwisho, nani anadhaniwa kumchukua, na familia imefanya nini kumtafuta. Yanaonekana mepesi. Hapa ndipo saa nyingi hupotea.

Jina. Mtu wa kaskazini mwa Msumbiji ana jina la Kireno kwenye kitambulisho, la Kiswahili mtaani, na pengine la ukoo ambalo redio yake haikuwahi kulitaja. Ibraimo, Ibrahimu na Ibrahim kwa afisa wa mbali ni watu watatu. Chukua lililo kwenye kitambulisho au pasipoti liwe jina kuu, na mengine yote uyaorodheshe chini yake kama majina anayojulikana nayo. Ongeza jina la baba na mama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Jina kuu likishachaguliwa, litumike lilelile kwenye bango, barua na redio.

Saa. Shahidi wa Palma anayezungumza Kiswahili atakwambia "saa moja usiku". Hiyo ni 19:00 kwa Msumbiji, na muda huohuo Mbeya ni 20:00, kwa sababu Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Anayetafsiri kwa haraka huandika 1:00, na tukio linaruka hadi usiku wa manane. Simu iliyo jirani na Ruvuma nayo inaweza kushika mnara wa upande wa pili, saa yake ikabadilika yenyewe, hivyo skrinshoti mbili za meseji moja zikapishana kwa saa nzima. Kwenye jalada andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, kando yake saa kwa mfumo wa 24, na useme ni saa za nchi gani.

Siku nayo ina mtego. Aprili 7, 2020 ilikuwa Jumanne. Lakini watu wengi wa pwani huanza kuhesabu siku mpya jua linapozama, kwa hiyo kilichotokea baada ya magharibi siku hiyo, mzee wa huko anaweza kukiita cha usiku wa Jumatano. Shahidi mmoja akisema Jumanne na mwingine Jumatano, usikimbilie kumwona mmoja mwongo. Uliza: "Ilikuwa kabla au baada ya magharibi? Asubuhi yake ilikuwa siku gani?" Serikali inayotaka kukana hutafuta tofauti za namna hii.

Nani. Andika kilichoonekana: sare ya rangi gani, gari la aina gani, lugha waliyozungumza, walielekea wapi. "Watu watano wenye sare za kijeshi na bunduki" ni ushahidi, "jeshi lilimteka" ni hitimisho. Hitimisho liwekwe mahali pake, kwenye sehemu ya fomu inayouliza mnamshuku nani na kwa nini. Ikiwa waliomchukua ni kundi lenye silaha, msikate tamaa: tangu 2019 Kikundi Kazi hupokea pia taarifa za makundi yanayotawala eneo na kufanya kazi kama za serikali.

Hatua za kumtafuta. Kila kituo cha polisi, kambi, hospitali na mochwari familia iliyokwenda iandikwe pamoja na tarehe, cheo cha aliyejibu na jibu lenyewe. Taarifa ikifunguliwa polisi, chukueni RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Ndugu wengi huona aibu kuandika "walisema hawamjui", kana kwamba walirudi mikono mitupu. Jibu hilo ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa kukana ni sehemu ya kosa.

Hatua ya 3: Geneva kabla ya miezi mitatu

Kikundi Kazi kiko Geneva. Ombi la dharura hupokelewa huko ndani ya miezi mitatu tangu mtu atoweke, na hupelekwa kwa serikali husika bila kusubiri kikao. Kwa kesi ya Aprili 7 ukomo ni Julai 7. Ukichelewa kesi bado hupokelewa, ila kwa utaratibu wa kawaida unaongoja vikao vitatu vya mwaka. Si lazima nchi iwe imeridhia mkataba wa 2006 wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, wala kumaliza mahakama za ndani kwanza. Kiswahili na Kireno si lugha rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo tafuteni mfasiri wiki ya kwanza. Shahidi anayehofia usalama wake, ombeni jina lake lifichwe.

Hatua ya 4: Msalaba Mwekundu

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina huduma ya dharura kwa waandishi walio vitani tangu 1985. Familia, mwajiri au chama cha waandishi wanaweza kuomba. Huulizia kimyakimya kwenye magereza na kambi, haiendeshi kampeni. Msitangaze redioni mlichoambiwa nao, mtafunga mlango huo.

Hatua ya 5: Linda simu ya familia

Namba ya mke au mama isionekane kwenye bango lolote. Ikionekana, siku hiyohiyo atapigiwa na tapeli: mumeo yuko hapa, tuma laki tatu na ya kutolea. Weka laini mpya ya kampeni, ishikwe na mtu wa klabu. Anayedai anaye aulizwe jambo ambalo aliyetoweka peke yake analijua na halipo Facebook, kama jina la utani la bibi yake. Kurasa zake za mitandao zifungwe kwa wasio marafiki, zisifutwe. Picha aliyopiga na askari kazini, upande wa pili wa vita utaiita ya ujasusi.

Hatua ya 6: Kupaza sauti

Redio za mikoa yetu zinafanya kazi kuliko maandamano. Mkiamua mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi ifike kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, saa 48 kabla, na nakala igongwe muhuri. Chagueni siku ambazo watu tayari wanasikiliza: Mei 3 ya uhuru wa vyombo vya habari, Agosti 30 ya waliotoweshwa, Novemba 2 ya kupinga kutoadhibiwa kwa uhalifu dhidi ya waandishi. Iringa ina Septemba 2, siku Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu yao, alipouawa Nyololo, Mufindi, mwaka 2012. Hapo hakuna haja ya kueleza kwa nini mwandishi anastahili kudaiwa.

Andikeni kwa wakati uliopo: ni mwandishi, ana watoto. Kumwita marehemu ni kuwasaidia waliomchukua.

Hatua ya 7: Barua pepe isilale

Serikali ikitoa jibu lenye maelezo, Kikundi Kazi humpelekea aliyefungua kesi. Akikaa miezi sita bila kujibu au kupinga kwa hoja, kesi inaweza kuhesabiwa imepata ufumbuzi. Kwa hiyo msitumie barua pepe ya katibu wa sasa. Fungueni ya kampeni, nywila iwe kwa watu watatu akiwemo ndugu mmoja wa familia, na uongozi wa klabu ukibadilika nywila ikabidhiwe pamoja na kaunta buku.