Kuchagua Kati ya Rangi Mbili za Kijivu Zinazokaribiana

Mteja akiniletea kadi mbili za sampuli ya rangi ya kijivu na kuniuliza ipi nzuri, simjibu kabla sijaziona ndani ya chumba chenyewe. Kijivu cha dukani ni nadra kuwa kitupu. Huwa na chembe ya buluu, kijani, zambarau au hudhurungi, na chembe hiyo ndiyo itakayotawala ukuta mzima.

Anza kwa kuziweka kadi juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Weupe wa karatasi huiumbua chembe iliyojificha, hata kadi zilizoonekana pacha dukani zikaanza kutengana.

Kisha nunua kopo dogo la kila rangi, upake kwenye vipande viwili vya jipsamu au plaiwudi vyenye upana wa nusu mita hivi. Tanguliza praima nyeupe (rangi ya msingi), kisha piga mikono miwili, yaani tabaka mbili, za rangi yenyewe, na usubiri ikauke kabisa, kwa kuwa rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Makopo yote mawili yawe ya aina moja ya mng'ao, la sivyo utakuwa unalinganisha mng'ao badala ya rangi. Sishauri kujaribia ukutani, kwani rangi ya zamani inayolizunguka jaribio hulidanganya jicho.

Hatua inayofuata ndiyo isiyotaka haraka. Simamisha vibao wima kwenye kila ukuta, uvitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Kwa nyumba ya Dar es Salaam, dirisha la kaskazini hupata jua mwezi Juni na kulikosa Desemba, jua linapokuwa upande wa kusini. Kwa hiyo zingatia pia msimu. Mwembe ulio nje ya dirisha hutia ukuta ukijani, na vigae vyekundu huupasha wekundu. Taa nyeupe za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambazo ndizo zilizojaa majumbani mwetu, hukifanya kijivu chenye buluu kionekane baridi kama wodi, ilhali zile za kelvini 2700, zenye mwanga wa manjano, huweza kukigeuza chenye hudhurungi kiwe karibu na kahawia. Kama mteja hataki kubadilisha taa nyeupe za sebuleni, mimi humpa chenye hudhurungi.

Ukishaamua, andika namba ya mchanganyiko, nunua makopo yote kwa mkupuo mmoja, na uyachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla fundi hajachovya rola.