Kabla ya kuleta Rottweiler nyumbani

Anza na geti. Lisukume kwa bega, kisha uiname uangalie uwazi wa chini. Mbwa wa aina ya Rottweiler, dume aliyekomaa, hufika kilo 50 hivi, na pale kuku wa jirani anapopita, yeye atapachimba mpaka pamtoshe. Geti likifungwa kwa kamba, mwite fundi kwanza, mbwa atasubiri.

Halafu jiulize atakaa na nani. Kwetu mbwa wa ulinzi anaishi kama popo: mchana kafungiwa bandani, usiku anafunguliwa. Anayemjua ni mtu mmoja, yule anayempelekea ugali na dagaa. Hajawahi kuona mtoto akikimbia, mama mwenye mwavuli, wala fundi bomba na begi lake. Siku banda likisahauliwa wazi, wote anaowakuta ni wageni kwake, pengine hata mwenye nyumba. Akishauma, lawama inaangukia mbegu: "Hawa ndivyo walivyo." Mababu zake huko Rottweil, Ujerumani, walikuwa wakiswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wachinjaji. Nguvu karithi, sawa. Kuzoea watu hufundishwa, na muda wake ni mfupi, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Ukimchukua akiwa na wiki 8, umebakiwa na wiki sita tu. Ukiwa na safari ndani ya hizo, ahirisha kumchukua. Chanjo zikiwa hazijakamilika, usimwachie chini barabarani kwa sababu ya pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mbebe, aone bodaboda, wanafunzi, wauza mboga.

Muuzaji akuonyeshe mama wa mbwa huyo. Ukiambiwa kila mara kuwa mama hayupo, achana naye.

Wapo wanaoamini orodha ya aina za mbwa hatari inatosha kuwalinda watu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1991 iliyotaja aina nne, na XL Bully akaongezwa mwishoni mwa 2023. Rottweiler hayumo. Lakini sheria hiyohiyo inambana mwenye mbwa yeyote asiyedhibitiwa, hata awe wa aina gani, na mimi kifungu hicho nakiona cha maana kuliko orodha yenyewe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi yake itunze. Watu wote wa nyumbani wajue kwamba mtu aking'atwa na mbwa, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa kachanjwa.

Zungumza na majirani mapema. Kama ni Waislamu, mate ya mbwa kwenye nguo ya swala si jambo la mzaha.

Mwisho, kengele. Watu huandika MBWA MKALI ukutani, kisha wakaweka kengele ndani ya geti, mgeni afungue mwenyewe ndipo abonyeze. Mtoto wa miaka minne aliyetumwa chumvi hasomi. Iwekwe nje, chini, mkono wake uifikie.